Kijiko cha Chupa ya Tisa

Nilikuwa nafunga chupa ya arobaini na moja simu ilipolia.

Nta ilikuwa imeyeyuka vizuri ndani ya sufuria, juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Unachovya shingo ya chupa, unahesabu hadi tatu, unaitoa, unaizungusha isidondoke, halafu kabla haijapoa unaikandamiza juu kwa dole gumba. Huo ndio muhuri wetu. Dole gumba langu lina kovu la mstari, tangu siku niliposhika ukingo wa sufuria bila kitambaa, kwa hiyo kila chupa inayotoka kwangu inaondoka na ule mstari kichwani. Chris aliupenda. Alisema Wazungu wanalipia watu wawachoree alama kama hiyo, na mimi nimeipata bure kwa ujinga.

Ni Chris aliyekuwa anapiga, mdogo wangu anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, uko wapi?"

"Niko mu kazi. Nta iko moto."

"Iache."

"Itaganda, Chris."

"Yaya. Iache igande."

Nikaiweka chupa chini. Mdogo wangu huwa hanikatishi kazi. Hata baba alipofariki alingoja nimalize kukamua ndizi ndipo akaniambia.

"Kuko mutu iko mu hopitali," akasema. "Mwenye duka, ule muzee alitaka kununua makatoni makumi mbili. Alikunywa divai yetu siku ya ine. Jana asubuhi akaamuka, anaona kama mawingu. Leo haone kitu."

"Alikunywa nini kingine?"

"Hapana kitu. Monganga anasema ni ile pombe inaua macho. Polisi balikuya hapa saa mbili. Balichukua paspori yangu."

"Ni chupa gani?"

"Namba tisa, Yaya."

Nikakaa juu ya kreti.

Anayefungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza asipotee. Mimi naitwa Nsimire, wengi wananiita Mama Aimée, kwa jina la binti yangu. Ni mjane, na ninatengeneza mvinyo wa ndizi katika chumba cha nyuma ya nyumba yangu hapa Panzi, Bukavu. Kazi hii nilijifunza kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokikuta soko la Kadutu kikingoja kuchanwa kufungia karanga. Chris anaishi Liège. Tangu mwaka jana tunahangaika kuanzisha kampuni ya kuingiza mvinyo huu Ubelgiji. Mmeshasoma jinsi benki tatu zilivyotukatalia kufungua akaunti. Mmesoma jinsi lebo yetu ilivyorudishwa kwa sababu pale walipouliza ina digrii ngapi, mimi niliandika "za kutosha." Mwezi wa pili hatimaye mthibitishaji wa hati aliweka sahihi, na kampuni ikazaliwa. Jina lake ni Tone la Bushi, kwa jina la nchi yetu hii ya Washi. Chris ndiye gérant, yaani mtu ambaye sheria inamkamata kampuni ikikosea.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, kibali cha ofisi ya forodha upande wa vileo. Walitaka sampuli kumi na mbili. Nilizituma wakati wa Kwaresima, mkononi mwa Tonton Évariste, mjomba wa marehemu mume wangu, aliyezifikisha uwanja wa ndege wa Kigali. Chris akapeleka sita ofisini, na sita akabaki nazo kwa ajili ya wanunuzi.

Namba tisa ilikuwa katika hizo sita za wanunuzi.

"Yaya, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Bananiuliza ile daftari yako. Ile unaandikaka kila chupa. Banataka ukurasa wa namba tisa, leo, mbele ya saa kumi. Kama iko imeandikwa ulionja, nitabaambia: muone, ilitoka kwetu muzuri, ubaya uliingilia mu njia. Avoka, ule wa kututetea, anasema itatosha."

"Na kama haiko imeandikwa?"

Chris akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyechoka sana.

"Weye? Weye unaandikaka hata mvua."

Hilo ni kweli. Naandika hata mvua.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo sisi hatulielezi, kwa maana kila mtu analijua. Kwetu anayekupa kinywaji anakunywa kwanza. Anapiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Kuna ile sumu ambayo watu wanaiita karuho, inayosemwa kwamba inatiwa ndani ya kinywaji na kummaliza mtu polepole. Mimi sijawahi kuiona. Lakini sijawahi pia kumpa mtu glasi ambayo sijaionja. Tangu nianze kuuza, kila chupa, kabla sijaiziba, natoa kijiko kimoja, naonja, naandika daftarini. Namba, pipa, tarehe, halafu herufi N.

Nilipomweleza Chris, macho yake yaling'aa hata kwenye simu. "Yaya, hii njo itatuuza!" Akaichapa kwenye lebo: *Mtengenezaji ameionja kwanza.* Akaiweka katika maombi ya kibali na kuapa kwamba ndivyo ilivyo, akatia sahihi. Na kila sampuli ikasafiri na kikadi shingoni chenye namba yake na ile N.

Nikafungua daftari. Namba 9. Pipa la tatu. Alhamisi. N.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu unakuwa mzito. Nimewaandikia wiki nyingi kuhusu waliotudanganya. Leo ni zamu yangu.

Chupa ya tisa sikuionja.

Mwaka huu niliweka nadhiri. Tangu Jumatano ya Majivu hadi Pasaka kileo kisiguse ulimi wangu, na Mungu naye atupe kile kibali. Nilikuwa nimekwisha kuonja nane. Zikabaki nne. Alhamisi asubuhi Tonton Évariste alikuwa nje tayari, anapiga honi, na mimi nina nadhiri ya siku moja tu. Nikamwita Rosette, dada ya marehemu mume wangu, tunayeishi naye nyumba moja.

"Nionjee hizi ine," nikamwambia, nikampa kijiko, nikageuka kuikoroga nta.

"Umeonja?"

"Nimeonja."

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri, Mama Aimée."

Mara nne nilimuuliza, mara nne alinijibu. Nikaandika N, N, N, N. Sikuandika R, kwa sababu lebo ilisema mtengenezaji, na Rosette si mtengenezaji. Nilijiambia kwamba ulimi wa nyumba moja ni ulimi mmoja.

"Chris," nikasema, "nipe saa moja."

"Ya nini? Ni foto moja tu!"

"Saa moja. Na weye unitumie foto ya shingo ya ile chupa, kama polisi hawajaibeba."

"Balibeba. Lakini nilipiga foto mbele, siku ule muzee aliifungua. Nitaitafuta."

Rosette alirudi kutoka sokoni na kapu la sombe, majani ya muhogo. Nilimwacha aweke kapu chini, anywe maji, ndipo nikamwambia habari ya Liège. Nilisema taratibu, kwa sababu sikutaka aogope kabla sijamuuliza.

"Rosette, ile siku ya vijiko. Ile ya tisa, uliisikia namna gani mu kinywa?"

Akaanza kuchambua sombe. Alichambua majani matatu.

"Mama Aimée, utanifukuza?"

"Sijauliza kitu cha kufukuza mutu."

"Mimi niliokoka mu mwezi ya munane. Nilibatizwa mu mutoni, kule mbele ya Nyantende. Mi sikunywake tena. Sikuambia mutu hapa. Naishi mu nyumba ya pombe, nakula chakula ya pombe, ningesema nini?"

"Kwa hiyo ile siku..."

"Kijiko ilikuwa kikavu. Nililamba kijiko kikavu. Mara ine."

Alisema akiwa ameshika jani la sombe mkononi. Sikumkasirikia. Nilitafuta hasira ndani yangu nikaikosa. Mimi nilimkimbilia Mungu kwa upande mmoja, yeye alimkimbilia kwa upande mwingine, tukakutana kwenye kijiko kimoja.

"Chupa ine," nikasema. "Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Hakuna mutu alizionja."

"Utaambia Chris?"

Mlangoni kulikuwa na mtu anabisha, na alikuwa ameingia kabla hatujamkaribisha.

Tonton Évariste ni mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuimbisha kwaya, na kweli zamani alikuwa anaimbisha. Akaketi, akaomba chai.

"Chris alinipigia," akasema. "Pole, Mama Aimée. Lakini hii mambo si ya kulia. Daftari iko na N?"

"Iko na N."

"Basi N ni N! Tuma foto, maneno iishe. Unangoja nini, askofu akubariki?"

"Nangoja kuelewa, Tonton. Ile siku, chupa zilipita mupaka ya Ruzizi saa ngapi?"

"Asubuhi, asubuhi."

"Zikafika kwenye ndege siku ile ile?"

"Aah, ndege ilikuwa ya kesho yake. Zililala ku rafiki yangu moja, pale Kigali. Mutu muzuri sana. Bariki chai, maman, inapoa."

Mwezi wa tatu, aliporudi, aliniambia zilipanda ndege siku ile ile. Nililiandika hilo pia, ukurasa wa nyuma. Lakini sikusema neno. Mtu anaweza kusahau. Mtu anaweza kuchanganya safari mbili. Nikambarikia chai, yaani nilipiga funda moja la kikombe chake, nikampa.

Halafu nikasimama. Nilijua kazi yangu ni ipi. Pipa la tatu lilitoa chupa ishirini. Nne zilikwenda Ulaya, nane niliziuza hapa mjini na wote walionunua wanaona vizuri, nawakuta misani. Nane bado zilikuwa rafuni. Kama ubaya ulikuwa ndani ya pipa, ungekuwa ndani ya hizo nane.

Rosette alinishika mkono niliposhika kijiko.

"Na kama iko mbaya? Ukipofuka weye, nani atafunga hizi chupa mia mbili?"

"Weye. Utalamba kijiko kikavu, itaenda tu."

Hakutaka kucheka, lakini alicheka, halafu akalia.

Nikavunja nta ya kwanza. Kijiko kimoja. Nikangoja, nikaandika. Ya pili. Ya tatu. Tonton alikuwa ananiangalia juu ya ukingo wa kikombe, na kila nilipomeza yeye naye alimeza. Ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Zote ni zile zile, ndizi iliyoiva na uchungu mdogo nyuma ya ulimi, kama nilivyoziacha.

Nilipofika ya nane, Rosette alinyoosha mkono.

"Nipe hii moja."

"Na wokovu wako?"

"Mungu ataniuliza, na mi nitamujibu. Nipe."

Akafumba macho, akainywa yote. Safari hii kijiko kilirudi kimelowa.

"Iko muzuri," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa ni kweli."

Pipa lilikuwa safi. Kwa hiyo ubaya uliingia baada ya mikono yangu.

Hapo ndipo simu ikatetemeka. Chris alikuwa ameituma ile picha.

Niliikuza kwa vidole viwili. Shingo ya chupa, kikadi, namba tisa, N yangu. Nta nyekundu, rangi karibu sawa na ya kwetu, iliyovunjwa upande mmoja tu, na kichwa chake bado kizima. Katikati ya kichwa kulikuwa na alama ya dole gumba. Kubwa, pana, laini kabisa. Hakukuwa na mstari.

Niliisogeza karibu na macho. Niliipeleka dirishani kwenye mwanga. Nikaweka dole gumba langu pembeni ya picha, na kovu langu likaniangalia.

"Si mimi niliifunga hii," nikasema.

"Nini?" akauliza Rosette.

"Hii chupa ilifunguliwa. Mutu aliifungua, akatia kitu, akaifunga tena kwa kidole chake."

Rosette aliangalia picha, halafu akaangalia kiti cha pale mezani. Tonton Évariste alikuwa ameshasimama.

"Vidole yote ni sawa," akasema. "Nta ikipoa inadanganya. Mimi niko na mukutano ya parokia."

"Jumamosi, Tonton?"

"Jumamosi, ndiyo. Paroko hana siku."

Akachukua kofia yake. Kikombe kilibaki nusu. Sijawahi kumwona akiacha chai.

Sitaki kusema kitu ambacho sikioni. Pengine rafiki wa Kigali alikuwa na kiu usiku ule, akanywa, akaijaza chupa kanyanga, ile pombe kali ya barabarani, ili asionekane, na Tonton hakujua. Pengine alijua na aliona haya. Kidole kwenye picha hakina jina. Niliandika daftarini: *Muhuri si wangu.* Nikampigia Chris.

Alipokea kabla haijalia mara mbili. Nilimweleza pipa, nikamweleza nta. Akapiga kelele hadi nikaondoa simu sikioni.

"Yaya! Yaya, tumepona! Muhuri ingine, na daftari inasema ulionja! Tuma ukurasa, naipeleka na hii foto, avoka atabamaliza. Kibali tutaipata hata juma hii!"

"Chris..."

"Hata ule muzee atajua si siye. Unajua namna sikulala? Tuma, Yaya. Herufi moja tu, N. N na muhuri, basi."

Herufi moja tu. Daftari lilikuwa mapajani mwangu, limefunguka lenyewe kwenye ule ukurasa. Herufi ile ilikuwa imekaa pale vizuri, ya wino wa bluu, haina tofauti na nane zilizoitangulia. Nani angejua? Rosette hangesema. Pipa ni safi, nimelithibitisha kwa ulimi wangu leo. Ningetuma uongo ambao ungefikisha watu kwenye ukweli. Nawaambia wazi, niliipiga picha. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Lakini mimi ni mtu wa kuhesabu. Kama tisa ilifunguliwa njiani, ni nani anajua kama ilifunguliwa peke yake?

"Mbele nitume," nikasema, "niambie nta ya zile zingine. Kumi iko wapi?"

"Kumi iko ku ofisi."

"Kumi na moja?"

"Hii hapa. Ngoja... Iko na mustari yako. Nauona muzuri."

"Na kumi na mbili?"

Nilisikia kreti ikiburutwa. Nilisikia kabati ikifunguliwa, ikifungwa.

"Kumi na mbili," akasema, "Charlène aliibeba."

Charlène ni mke wake.

"Aliibeba wapi?"

"Namur. Batizo ya mutoto wa dada yake. Alitoka mapema, saa moja, mbele polisi hawajafika. Yaya, nilisahau kabisa. Aliniuliza kama iko salama, juu kutakuwa bamuzee na bamama banyonyeshaji. Nikamuonyesha kikadi. Nikamuambia: soma, N. Yaya wangu alionja hii kwa kinywa chake."

Nilitazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika tano. Saa yetu na yao sasa ni moja. Watu walikuwa wanatoka kanisani, au walikuwa wamekwisha kukaa mezani.

"Yaya? Uliionja, ni vile?"

Rosette alikuwa amesimama mbele yangu na kijiko.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Sikuionja, Chris. Ile ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Nilikuwa na nadhiri. Kijiko kilikuwa kikavu. Ile N ni uongo wangu."

Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Muite Charlène," nikasema. "Sasa hivi. Waambie wasifungue."

Akakata bila kuaga. Nikangoja. Rosette akaketi chini, mgongo ukutani, akaanza kusali bila sauti. Nilichukua kalamu, na pembeni ya kila N kati ya zile nne nikaandika: *si kweli.* Nilipiga picha upya, nikaituma. Alama moja ya tiki ilitokea, haikuwa mbili.

Baada ya dakika kumi na moja Chris alinipigia.

"Simu yake inalia," akasema, na nyuma yake nilisikia hatua zake zikishuka ngazi mbiombio. "Inalia tu, Yaya. Haishike."

Halafu mtandao ukakatika, kama unavyokatika hapa Panzi kila siku, na kwa siku nyingine nisingejali.

Nimeandika haya nikiwa juu ya ile ile kreti. Nta imeganda ndani ya sufuria, na kijiti cha kukorogea kimesimama katikati, hakitoki. Chupa ya arobaini na moja ina nta bila alama, kwa kuwa sikuwahi kuweka kidole. Ya arobaini na mbili iko wazi. Nimeifunika kwa kitambaa safi. Kesho nitawasha mbabula, nitayeyusha nta upya, nitaanzia pale nilipoachia, kama bado kutakuwa na kampuni ya kufungia chupa.

Simu nimeiweka juu ya daftari. Haijalia.